Kikombe cha Kahawa cha Kwenda Nacho Ziwani

Wavuvi wa ndagala wa Rumonge, Burundi, huingia Ziwa Tanganyika jua linapozama na kurudi kukipambazuka. Kazi yao ni ya usiku wa giza, kwa kuwa taa zao ndizo zinazowavuta samaki juu, na mbalamwezi ikikolea taa hizo hazifui dafu. Kahawa aliyoipika mvuvi saa kumi na moja jioni ina saa kama 12 za kuvuka kabla hajakanyaga tena mchanga. Anayepiga kambi karibu na msitu wa Kigwena ana haja hiyohiyo, na abiria wa barabara ya taifa namba 3 pia: kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 75 tu, lakini mafuta yakikosekana safari hiyo inaweza kumaliza nusu ya siku.

Wanunuzi wengi wa vikombe vya kutunza joto husoma kwanza namba iliyopigwa chapa kwenye boksi: saa 6, saa 12, saa 24. Namba hiyo ina maana kwa anayejua maji yaliyopimwa yalikuwa kiasi gani, yalianza na joto gani, na kama chombo kilifunguliwa hata mara moja. Mvuvi hufungua chake mara nyingi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wahamishe macho kutoka kwenye boksi wayapeleke kwenye kifuniko.

Ukuta wa chombo hicho ni jambo lililokwisha kutatuliwa zamani. Mwaka 1892 James Dewar, mwanakemia wa Scotland aliyefanya kazi London, alitengeneza chupa ya kuta mbili zenye ombwe katikati ili atunze gesi alizozipoza mpaka zikawa kimiminika. Wajerumani waliigeuza kuwa bidhaa ya nyumbani na kuipa jina la Thermos mwaka 1904, na mwaka 1913 Mmarekani William Stanley akabuni ya chuma. Tangu hapo msingi haujabadilika. Pasipo hewa kati ya kuta, joto halina cha kulibeba kuvuka, na uso unaong'aa wa chuma hulirudisha ndani lile linalotaka kutoka kama mwale. Linabaki na mlango mmoja, nao ni mdomo.

Mdomo hupoteza joto kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya mvuke. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupoza gramu 540 hivi za maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Maana yake ni kwamba katika kikombe cha nusu lita, kijiko kimoja cha chai kikitoka kama mvuke, kahawa yote hushuka nyuzi zipatazo 5. Usiku upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani na kuupeperusha mvuke huo bila kukoma. Kikombe cha wazi, hata kiwe na ukuta bora namna gani, hakitafika na kahawa ya moto usiku wa manane.

Vile vikombe virefu vyenye kifuniko cha plastiki na kitundu cha kunywea, kinachofungwa kwa kusukuma kwa kidole, vinamfaa dereva anayekunywa kahawa yake ndani ya saa moja au mbili. Kwenye mtumbwi, au ndani ya begi nyuma ya pikipiki, vinavuja. Ukipanda navyo kutoka Rumonge kwenda Bururi vinaongeza vituko: ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri gari linavyopanda milima, hewa ya nje hupungua mgandamizo, hivyo ile iliyofungiwa ndani huisukuma kahawa itokee kitunduni. Kifuniko cha kukaza, chenye mpira wa silikoni unaoweza kuchomolewa, hakina shida hiyo. Ukifungue tu polepole huku umekisimamisha wima.

Dukani, muombe muuzaji maji yanayochemka, na kama hana, mama wa chai wa jirani hatakunyima. Mimina, kaza kifuniko, subiri dakika 5, kisha papasa ukuta wa nje kuanzia chini mpaka shingoni. Shingo ikiwa na uvuguvugu ni sawa, maana hapo kuta mbili zinakutana. Tumbo likiwa na joto, basi ombwe limekwisha au halikuwepo tangu kiwandani, na chombo hicho ni kuta mbili zenye hewa kati yake. Kigeuze kichwa chini uone kama kinavuja. Kisha tafuta alama ya 304 au 18/8 kwenye chuma, yaani kroma asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma chenye alama ya 201 kina nikeli kidogo zaidi na hushika kutu mapema. Wapo wanaopima kwa sumaku. Kipimo hicho hakitofautishi kitu, kwa kuwa aina zote mbili kwa kawaida haziivuti sumaku.

Chupa ya chai ya nyumbani yenye kioo ndani hutunza joto vizuri sana, na kioo kikipasuka mara nyingi kingine kinapatikana. Iacheni mezani. Haistahimili kugongwa na makasia.

Sasa nije kwenye maji, ambako naona uzembe wa hatari. Maji ya Tanganyika ni matamu, lakini yana magadi kiasi na madini ya kutosha kuacha ukoko mweupe kwenye birika. Magadi hayo pia huzima ule uchachu mwembamba wa arabika ya Kayanza na Ngozi unaoipa kahawa ya Burundi sifa yake, kwa hiyo kama una maji mengine safi, yapikie kahawa. Ukoko huo huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji ya moto, na weusi wa kahawa huondoka kwa soda ya kuokea iliyolala usiku mzima. Msitumie dawa ya kung'arishia nguo: klorini hutoboa chuma vitundu vidogo. Mpira wa kifuniko uoshwe peke yake, kwani ndio unaoshika harufu ya ndagala na mawese.

Lakini msisuuze kikombe ziwani. Ufuo huu, Rumonge ikiwemo, umepigwa na kipindupindu mara kwa mara kwa miaka mingi, na mdomo wa kikombe uliochovywa ufuoni unaharibu kazi yote ya kuchemsha maji. Beba maji yaliyochemshwa ya kusuuzia.

Maziwa nayo yabaki nje ya chupa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kitunzwe kikiwa juu ya nyuzi 60 au chini ya 5, na kahawa ya maziwa inayopoa taratibu usiku kucha hukaa katikati kabisa, mahali bakteria wanapozaliana. Nenda na kahawa kavu yenye tangawizi, maziwa ya unga uyatie wakati wa kunywa.

Kuna hatari nyingine ambayo chombo kizuri ndicho kinachoileta. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo walihitimisha kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, ugonjwa ulioenea mno Afrika Mashariki. Kahawa katika kikombe cha ombwe inaweza kubaki juu ya kiwango hicho kwa saa kadhaa, na anayeifyonza kupitia kitundu haoni mvuke wa kumtahadharisha.

Ndiyo maana, kwa safari za mwambao huu, nachagua chupa ndogo ya chuma kuliko kikombe chochote cha kitundu: nusu lita, mdomo wa kuingiza brashi, kifuniko cha kukaza, na juu yake kikombe kinachofunika. Ipashe kwanza kwa maji yanayochemka kwa dakika 5, ijaze hadi karibu na ukingo, na ukitaka kunywa mimina kidogo kikombeni, funga chupa mara moja, uache kahawa ipoe kidogo ndipo uinywe.