Upimaji wa mimea ya dawa dhidi ya vijidudu

Upimaji wa mimea ya dawa dhidi ya vijidudu ni uchunguzi wa maabara unaoonyesha kama majani, magome au mizizi ya mmea ina kemikali zinazoua bakteria na fangasi au kuzuia ukuaji wao. Umuhimu wake umeongezeka kwa kuwa vijidudu vingi vimekuwa sugu kwa dawa zilizopo.

Maandalizi

Kwanza mmea hutambuliwa na mtaalamu wa botania, kwa sababu jina moja la kienyeji linaweza kutumika kwa mimea tofauti. Kisha hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji, ethanoli au kiyeyusho kingine. Namna ya kuandaa inaweza kubadili matokeo. Nchini China, mwaka 1971, Tu Youyou alipata dondoo ya pakanga yenye nguvu dhidi ya malaria baada ya kutumia etha badala ya joto kali, lililoharibu kemikali yake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Njia za kupima

Katika njia ya kwanza, bakteria kama Staphylococcus aureus hupakwa juu ya agari ndani ya sahani ya Petri. Vipande vya karatasi vya duara, vyenye kipenyo cha milimita 6, hulowanishwa dondoo na kuwekwa juu yake. Baada ya saa 18 hadi 24 katika joto la takriban 37 °C, duara lisilo na bakteria hupimwa kwa milimita.

Katika njia ya pili, dondoo hupunguzwa nusu kwa nusu ili kupata kiwango kidogo kabisa kinachozuia ukuaji.

Katika njia zote mbili, kiyeyusho kitupu na antibiotiki inayojulikana hupimwa pia kwa ajili ya kulinganisha.

Maana ya matokeo

Duara kubwa si lazima limaanishe mmea wenye nguvu zaidi, kwani baadhi ya kemikali husambaa polepole katika agari. Pia, kwa kiwango kikubwa hata chumvi huzuia bakteria. Tena, kinachoua bakteria kinaweza kudhuru seli za binadamu, au kuvunjwavunjwa na ini kabla ya kufika penye ugonjwa.

Kwa hiyo matokeo ya maabara pekee hayathibitishi kwamba mmea unaponya. Hufuatiwa na vipimo vya sumu, majaribio kwa wanyama na hatimaye kwa watu. Mgonjwa anayeacha matibabu kwa kutegemea matokeo ya sahani tu anaweza kuhatarisha maisha yake.