Je, Wajua? Mpaka wa Tunduma ulipofungwa

Mei 2020, Nakonde ya Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, ilitangazwa kuwa na maambukizi mapya 76 ya corona kwa mpigo. Rais Edgar Lungu akafunga mpaka. Malori yaliyopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya yakasimama, utingo wakiinjika sufuria kando ya tela; shaba nayo ikakwama upande wa pili. Baada ya siku chache mizigo ikaruhusiwa. Hazina ya Zambia haikupona haraka hivyo: Novemba mwaka huohuo nchi hiyo ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wenye hatifungani zake za kimataifa. Ila deni lenyewe, tusiisingizie corona, lilikuwa limeshaelemea kabla.