Mita ya LUKU na Zile Tarakimu 40

Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, hulaumiwa kwamba "inakula yuniti", na wanaoilaumu ni wengi kuliko wanaojua inavyofanya kazi. Inastahili heshima zaidi. Swichi na taa za kisasa hubadilishiwa mipangilio kwa intaneti. Mita nyingi za tokeni kama hii hazina intaneti wala laini ya simu, lakini zimebadilishwa ufunguo wake wa siri kutoka mbali, bila fundi kupiga hodi.

Kila tokeni ya umeme ya tarakimu 20, kwa STS, kiwango cha tokeni za mita kilichozaliwa Afrika Kusini, hubeba mhuri wa wakati: idadi ya dakika, zilizohesabiwa awali tangu 1 Januari 1993. Mita huikumbuka mihuri iliyokwisha tumika, ndiyo maana tokeni moja haiingii mara mbili. Mhuri huo umetengewa biti 24 tu, sawa na dakika 16,777,216. Zilifika mwisho 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijabadilishwa ufunguo ingeiona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa.

Hapo ndipo ufundi wake unapopendeza. Ufunguo una biti 64, na tokeni moja haiwezi kuubeba mzima, kwa hiyo hukatwa vipande viwili, yaani tokeni mbili zenye jumla ya tarakimu 40. Mita hupokea kipande cha kwanza, hukishika bila kubadili kitu, hungoja cha pili. Vikikutana, ufunguo wa zamani hufutwa, kumbukumbu ya mihuri husafishwa na hesabu huanzia 2014. Ukikosea tarakimu, mita hukataa na kubaki ilivyokuwa. Kazi yote hiyo inafanywa na vidole vya mwenye nyumba.

Tarehe ile ya Novemba 2024 ilikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo. Wateja walistahili kuelezwa miaka mingi mapema, si kukimbizwa dakika za mwisho, maana tokeni ya zamani iliyowekwa akiba hukataliwa ufunguo ukishabadilika.

Kwa njia hiyohiyo ya tokeni, mita huwekewa kikomo cha mzigo, hufutiwa salio, hufunguliwa ikijifunga baada ya kuchokonolewa.

Kama una nyumba iliyofungwa tangu kabla ya Novemba 2024, usikubali mita yake itupwe kwa sababu tu inakataa tokeni. Tokeni za ufunguo hazina mhuri wa wakati. Omba zako mbili, uziingize kwanza.