Oili ikidondoka nyuma, tazama kwanza mbele

Mwenye gari akiona doa la oili sakafuni, huinama na kutazama palepale lilipodondokea. Hapo ndipo anapopotea. Oili hufuata mteremko, na gari likiwa mwendoni husukumwa na upepo, kwa hiyo inayodondokea nyuma chini mara nyingi imeanzia mbele juu. Sijaona gari lililowatesa watu kwa jambo hili kama Subaru Impreza za turbo za miaka ya 1990.

Ni gari tunalolipenda sana huku kwetu. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nalo tena mwaka 2000. Zile za barabarani za enzi hiyo sasa zimevuka robo karne. Injini yao ya EJ20 yenye sentimita za ujazo 1994 bado ina nguvu. Kilichozeeka ni mpira wa sili na gasketi. Mpira uliopikwa na joto miaka yote hiyo hukakamaa, na ukishakakamaa hauwezi tena kuziba nafasi kati ya chuma na chuma.

Silinda za injini hii zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo tapeti kava zake zinatazama ubavuni badala ya juu. Ukizima gari, oili hutulia kwenye ukingo wa chini wa kava, na chini ya ukingo huo yanapita mabomba ya ekzosi. Ndiyo sababu dalili ya kwanza huwa harufu. Umesimama kwenye mataa, hewa haipiti, na mara unasikia oili inaungua. Pengine tone sakafuni hulioni kabisa, maana limekwisha kukauka juu ya bomba.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea Impreza yake akiwa amekata tamaa. "Fundi, nimeambiwa sili ya nyuma ya kranki imekufa, lazima injini ishuke," akasema. Ni kweli, oili ilikuwa ikidondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Nilichovya kidole nikanusa: haikuwa na ile harufu ya kibiriti ya oili ya giaboksi, kwa hiyo ilikuwa ya injini. Lakini ilitoka wapi?

Sikushika spana siku hiyo. Tuliiosha injini kwa brashi na mafuta ya taa ikiwa imepoa, altaneta ikiwa imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, tukaisuuza kwa maji kidogo na sabuni, tukaiacha ikauke kabisa. Kisha nikanyunyizia poda ya mtoto juu ya bloku, kwenye kingo za tapeti kava na kuzunguka kiungo cha giaboksi. Tukawasha injini ikakaa sailensa hadi ikapata moto vizuri, tukazima, nikamulika kwa tochi. Chini ya altaneta, kwenye shina la swichi ya presha ya oili, poda ilikuwa imelowa rangi ya kahawia. Kutoka hapo mstari mwembamba kama uzi ulikwenda nyuma juu ya bloku hadi ukingoni, ukazama kwenye kiungo cha giaboksi. Sili ya kranki haikuwa na kosa lolote. Swichi hiyo, yenye ukubwa wa dole gumba, ilikuwa ikivuja kwenye mwili wake, pale plastiki inapokutana na chuma. Tulichomoa waya wa betri, tukatoa altaneta, tukafunga swichi mpya bila kukaza kupita kiasi, kwa sababu bloku ni ya alumini na hesi zake huharibika upesi.

Si kila mara utabahatika hivyo. Kama ni tapeti kava, badilisha gasketi pamoja na washa za mpira za bolti zake na sili za mashimo ya plagi. Ukiacha hizo, oili itajaa kwenye plagi na injini itaanza kukosa moto. Gundi ya silikoni itie kidogo tu pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Hili nalisisitiza kwa uchungu. Silikoni ikizidi, vipande hukatika kwa ndani, huanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Injini inakosa oili, na EJ20 ikikosa oili hunoki.

Ikivuja mbele, subiri siku ya kubadilisha taiming belti, halafu fanya yote kwa pamoja: sili za kambashafti, sili ya mbele ya kranki, na pampu ya oili, ambayo skrubu za bamba lake la nyuma hupenda kulegea. Usisubiri tu kama oili imeanza kulowesha belti. Na kama kweli ni nyuma, nyingi za injini hizi zilitoka kiwandani zikiwa na kifuniko cha plastiki nyuma ya flaiwili, ambacho hupinda kwa joto. Weka cha chuma, na kazi hiyo uifanye siku ya kubadilisha klachi.

Kuna chanzo kingine ambacho mafundi wengi hukiruka: vali ya kupumulia ya injini. Gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni hutoka kupitia vali hiyo. Ikizibwa na masizi, presha hujaa ndani na kutafuta sili dhaifu kuliko zote. Utaweka sili mpya leo, na baada ya muda itavuja tena. Ichomoe uitikise, ikiwa haichezi ndani, weka mpya.

Wakati unatafuta chanzo, pima oili kila wiki gari likiwa mahali tambarare. Na kabla hujakubali injini yako ishushwe, mwombe fundi aioshe, aiwashe, kisha akuonyeshe kwa tochi mahali penyewe oili inapoanzia.