Gitaa la Mwenda wa Bayeke: Sauti ya Katanga iliyosafiri kama shaba

Malori yaliyobeba shaba na kobalti hutoka Kolwezi kila siku, yakipita Likasi na Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa na Zambia. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, kitu kingine kilitoka katika ukanda huohuo wa madini na kwenda nje: sauti ya gitaa moja la mbao na kijana mmoja anayeimba.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Muingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini na kuzunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Hapo alikutana na Mwenda Jean Bosco, kijana wa takriban miaka 22. Alimrekodi, na nyimbo hizo zikatolewa kwenye santuri za Gallotone, lebo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Mmojawapo, "Masanga", ulisikika mbali kuliko alivyowahi kufika mpigaji wake wakati huo.

Leo wapo watu Ulaya, Marekani na Afrika Mashariki wanaozitafuta santuri hizo, kuzisikiliza upya na kupeana. Swali ni kama sauti hiyo itabaki kuwa hazina ya wakusanyaji walio mbali, au itawafikia pia wajukuu wa watu walioisikia mara ya kwanza.

Kutoka Bunkeya hadi mji wa migodi

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ambayo sasa iko katika mkoa wa Lualaba, mkoa ambao makao yake makuu ni Kolwezi. Bunkeya ilikuwa mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Bayeke aliyeuawa Desemba 1891 alipokataa kuwa chini ya bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Asili ya Msiri na watu wake ni upande wa Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo. Ndiyo maana jina ambalo mwanamuziki huyu alilitumia baadaye, Mwenda wa Bayeke, lina mizizi inayofika hadi upande wa pili wa Ziwa Tanganyika.

Alikua wakati kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ikiwakusanya wafanyakazi kutoka kila upande katika kambi za migodi. Katika kambi hizo watu wa makabila tofauti walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya mtaani. Gitaa nalo likawa chombo cha wote: halikuwa la kabila lolote, na mtu mmoja aliweza kuburudisha watu wa nyumba nzima bila bendi.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene za chini, kidole cha pili kikazungumza juu yake, kila kimoja kikienda njia yake. Anayemsikia mara ya kwanza hudhani wapo wapigaji wawili.

Rekodi ipi ni bora?

Katika muziki wa kina Beethoven kuna kazi zilizotungwa kwa wapigaji watatu au wanne tu, ili zipigwe sebuleni badala ya ukumbi mkubwa. Wapenzi wa muziki huo hubishana miaka na miaka kuhusu rekodi: kundi lipi lilipiga vizuri zaidi, na lini. Gitaa la Katanga, ambalo nalo ni muziki wa chumba kidogo na wasikilizaji wachache, lina wapenzi wa namna hiyohiyo.

Upande mmoja wapo wanaoshikilia rekodi za 1952. Santuri ya wakati ule ilibeba takriban dakika tatu kila upande, na Mwenda alilazimika kusema yote ndani ya muda huo. Upande mwingine wapo wanaompenda akiwa mtu mzima, katika rekodi alizofanya Ujerumani mwaka 1982 na Cape Town mwaka 1988, ambako alizirudia nyimbo zake za zamani. Hakuzipiga kama zilivyokuwa. Kwake wimbo ulikuwa njia, na kila safari aliipita kwa mwendo mwingine.

Jambo hilo liliwavutia hata wasomi. David Rycroft, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha London, aliusikiliza muziki wa Mwenda kwenye santuri, akauandika kwa nota na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962. John Low, mpigaji gitaa kutoka Uingereza, alisafiri hadi Lubumbashi kuwatafuta mabingwa wa miaka ya 1950, akiwemo Losta Abelo na Edouard Masengo, na mwaka 1982 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Mmarekani Elijah Wald naye alikwenda kujifunza kwa Mwenda na Masengo wenyewe.

Afrika Mashariki haikusubiri wasomi. Mwaka 1959 Mwenda alifika Nairobi, na redio ikampeleka majumbani. Masengo, ndugu yake, naye alipata jina kubwa Kenya. Vijana wengi wa Kenya walijifunza mtindo huo wa vidole viwili kwa kusikiliza tu, wakirudisha sindano ya santuri mwanzo mpaka mkono ukubali. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani.

Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Wanaosikia maneno

Wakusanyaji wengi walio mbali husikia vidole. Msikilizaji wa Kiswahili husikia na maneno. Mwenda aliimba katika lugha kadhaa, na katika Kiswahili chake mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atakutana na mambo mageni kidogo: "batoto" badala ya "watoto", "muke" badala ya "mke". Hicho ni Kiswahili cha Katanga, kilichokomaa kambini na mitaani, na rekodi hizi ni miongoni mwa kumbukumbu zake za sauti kutoka miaka ya 1950.

Kwa hiyo anayezielewa nyimbo hizi kikamilifu ni yule mwenye vitu viwili: sikio la gitaa na lugha ya pale. Mtu huyo hapatikani kwa wingi Utrecht wala Boston. Yuko Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na umri wa waliozisikia zikiwa mpya unazidi kwenda.

Kurudisha sauti nyumbani

Kazi za Tracey zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo na kituo cha Ketebul Music cha Nairobi walibeba nakala za rekodi za Tracey hadi vijiji vya Kenya alikozichukua. Kwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa, jamii na familia za walioimba mwaka 1950 zikasikia tena sauti za wazee wao.

Mfano huo unaonyesha kuwa si lazima sauti isafiri upande mmoja tu. Shaba ikishavuka mpaka hairudi, lakini wimbo unaweza kunakiliwa mara elfu bila kupungua. Katika Kolwezi, ambako hata mtaa wa Kasulo umechimbwa chini ya nyumba za watu kutafuta kobalti, kumbukumbu isiyohitaji kiwanja ina thamani yake.

Wala kazi ya kuirudisha si ya maktaba peke yake. Anayeupenda "Masanga" Nairobi, Muscat au London anaweza kumtumia ndugu au rafiki aliye Kolwezi, na kumwomba kitu ambacho mkusanyaji hana: awaketishe wazee wa nyumbani, awapigie, kisha awaulize nyimbo hizi ziliimbwa wapi, kwa ajili ya nani, na maneno yake yalimaanisha nini wakati ule.