Dagaa wa Igoma na Upepo wa Sumatra

Vuli ikizidi, dagaa sokoni Igoma hawafichi. Waliokaushwa na jua hung'aa na kukatika kwa urahisi. Walionyeshewa wakiwa wameanikwa mchangani huwa laini, wenye harufu, na kisado chao huishia kwa wafuga kuku.

Mvua inayowaharibu hutengenezwa kwa sehemu kubwa na Ziwa Victoria lenyewe. Usiku maji hubaki na joto kuliko nchi kavu, pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, mvuke hupanda na radi huanza, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wapo kazini na taa zao.

Lakini mwaka gani mvua itazidi? Hilo huamuliwa kwa sehemu kubwa na Bahari ya Hindi. Kwa kawaida pepo za ikweta huko huvuma kuelekea mashariki na kuyasukuma maji ya moto ya juu hadi Indonesia. Zikilegea au kugeuka, maji hayo husogea upande wa Afrika Mashariki, huku maji ya baridi yakiibuka kutoka kilindini karibu na Sumatra na Java. Mvuke ambao ungenyesha huko hunyesha kwetu. Wanasayansi huiita hali hiyo dipoli ya Bahari ya Hindi.

Ilitokea mwaka 1961, Tanganyika ikipata Uhuru, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ikaja tena 1997, ikichangiwa na El Niño. Ya 2019 ilikuwa kali mno: Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa kule Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, sentimita 1 juu ya rekodi ya 1964. Wapo waliolaumu mageti ya bwawa la Jinja, na kweli mageti hayo yalichangia ziwa kushuka miaka ya 2005 na 2006. Kwa mafuriko ya 2020, mtuhumiwa mkuu ni mvua. Ila geti lina mwenyewe wa kulaumiwa. Upepo wa Sumatra hauna.

Joto la bahari linavyoongezeka, tafiti zinatarajia dipoli kali zije mara nyingi zaidi. Lakini hasara hutegemea pia tulikojenga. Ziwa lilipopungua 2006, ufukwe mpana ulionekana kama kiwanja cha bure, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Maji ya 2020 yaliifuata mipaka yake ya zamani, yakiwakuta watu wameshajenga.