Marekani: Mgonjwa hupataje bangi ya tiba kisheria?

Karibu majimbo 40 ya Marekani yanamruhusu mgonjwa kutumia bangi kwa ajili ya matibabu, ilhali sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Kwa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, pengo lililopo kati ya sheria hizo mbili linaweza kugharimu kazi, nyumba na hata uraia.

Mgonjwa wa saratani anayesumbuliwa na kichefuchefu, au mzazi wa mtoto mwenye kifafa kisichotulizwa na dawa za kawaida, huanza na swali moja: je, naweza kuipata bangi bila kuvunja sheria? Nchini Marekani jibu hutegemea kwanza jimbo analoishi, kisha kazi anayofanya na hadhi yake ya uhamiaji.

Sheria mbili juu ya mmea mmoja

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Daraja hilo ni la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari na zisizo na matumizi ya tiba yanayokubalika. California ilikwenda kinyume na msimamo huo mwaka 1996, pale wapiga kura wake walipoidhinisha bangi kwa wagonjwa. Majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine, kila moja likiwa na kanuni zake.

Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali ya shirikisho ina mamlaka ya kupiga marufuku bangi hata pale jimbo linapoiruhusu kwa mgonjwa. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa 2014 bunge la Marekani limekuwa likiweka katika bajeti kifungu kinachoizuia wizara ya sheria kutumia fedha za umma kukwamisha mipango ya bangi ya tiba ya majimbo. Kinga hiyo hutegemea bajeti na sharti ihuishwe kila mara.

Mei 2024 wizara ya sheria ilipendekeza bangi ihamishiwe daraja la tatu, ambalo udhibiti wake ni mwepesi zaidi, na Desemba 2025 Rais Donald Trump aliagiza mchakato huo uharakishwe. Lakini kushushwa daraja peke yake si sawa na kuhalalishwa, kwani dawa ya daraja la tatu nayo huhitaji idhini ya mamlaka ya shirikisho ya chakula na dawa kabla ya kuuzwa katika maduka ya kawaida ya dawa.

Kwa nini daktari haandiki dawa

Kwa kuwa sheria ya shirikisho haimruhusu daktari kuandika bangi kama anavyoandika dawa nyingine, majimbo mengi yamebuni njia ya pembeni. Daktari huthibitisha kwamba mgonjwa ana maradhi yaliyotajwa katika sheria ya jimbo na kwamba bangi yaweza kumfaa. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya San Francisco iliamua kwamba daktari anayempa mgonjwa ushauri wa namna hiyo analindwa na uhuru wa kujieleza, na serikali haiwezi kumnyang'anya leseni kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana mgonjwa haendi katika duka la kawaida la dawa. Huenda katika duka maalumu lililopewa leseni na jimbo, na bima ya afya kwa kawaida hailipii gharama hizo.

Hatua kwa hatua: mfano wa Florida

Florida ilipitisha bangi ya tiba katika kura ya Novemba 2016, kwa asilimia 71 ya kura. Mgonjwa hupitia hatua nne.

Kwanza, sharti awe mkaazi wa jimbo, wa kudumu au wa msimu, na athibitishe hivyo kwa hati.

Pili, humwona daktari aliyepata mafunzo maalumu na kusajiliwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa si kila daktari anaruhusiwa. Uchunguzi wa mara ya kwanza hufanyika ana kwa ana. Miongoni mwa maradhi yaliyotajwa ni saratani, kifafa, glakoma, VVU na UKIMWI, ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa Crohn na kiwewe kinachofuata matukio ya kutisha. Daktari anaweza pia kuthibitisha maradhi mengine yanayolingana na hayo, lakini hulazimika kueleza sababu zake kwa maandishi. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 18, daktari wa pili lazima akubaliane na wa kwanza, na mtu mzima husajiliwa kama msaidizi wa kumnunulia na kumpa dawa.

Tatu, daktari humwingiza mgonjwa katika sajili ya jimbo. Baada ya hapo mgonjwa huomba kadi kutoka idara ya afya, kwa ada ya dola 75 kwa mwaka. Malipo ya daktari ni mbali na hayo.

Nne, hununua katika duka lenye leseni ya jimbo, na kila ununuzi huonekana katika sajili. Bangi ya kuvuta ina kikomo cha takriban gramu 70 kwa kila siku 35. Kupanda mche nyumbani ni kosa, hata kwa mwenye kadi.

Hapa wengi hujikwaa. Kadi hudumu mwaka mmoja, lakini uthibitisho wa daktari hauzidi siku 210. Mgonjwa anayehesabu tarehe ya kadi peke yake hufika dukani na kurudishwa, ingawa kadi bado ni halali.

Mpaka wa jimbo hubadilisha mambo

Texas ina njia iliyo finyu zaidi. Mpango wake ulioanzishwa kwa sheria ya 2015 ulilenga kifafa kisichotulizwa na dawa, kisha ukapanuliwa hatua kwa hatua hadi saratani, kiwewe na, mwaka 2025, maumivu sugu. Huko hakuna kadi. Daktari aliyesajiliwa huandika maelekezo moja kwa moja katika sajili, na mgonjwa huchukua dawa baada ya kuthibitisha utambulisho wake. Kiwango cha THC, kemikali inayolevya, kimewekewa kikomo, na kuvuta sigara ya bangi hakuruhusiwi.

Jirani yake Oklahoma ilichagua njia nyingine kabisa. Kura ya maoni ya Juni 2018 haikuweka orodha ya maradhi, bali uamuzi uliachwa kwa daktari. Leseni ya mgonjwa ni dola 100 kwa miaka miwili, mwenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini hulipa 20, na mgonjwa anaruhusiwa kupanda michache nyumbani.

Lakini mgonjwa aliyenunua Oklahoma haruhusiwi kuivusha dawa hiyo hadi Texas. Kuvuka mpaka wa jimbo na bangi ni kosa la shirikisho, hata pale majimbo yote mawili yanapoiruhusu.

Mahali ambapo kadi haisaidii

Kwa jamii za Wakenya, Watanzania na Wakongomani waishio Marekani, hili ndilo lenye uzito zaidi. Madereva wa malori makubwa hupimwa mkojo kwa kanuni za wizara ya uchukuzi ya shirikisho, na wizara hiyo imetamka kwamba kadi ya jimbo si udhuru unaokubalika. Dereva anayekutwa na bangi huondolewa barabarani mpaka akamilishe utaratibu wa kurejea kazini, hata kama aliitumia usiku, nyumbani kwake, kwa ushauri wa daktari.

Nyumba zinazogharamiwa na serikali ya shirikisho zina kanuni yake. Sheria ya 1998 inataka mwombaji mpya anayetumia dawa iliyopigwa marufuku akataliwe, na bangi ya tiba imehesabiwa humo. Kwa mpangaji aliyekwisha kuingia, uamuzi umeachiwa msimamizi wa nyumba.

Hatari kubwa kuliko zote humkabili asiye raia. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo unaosema kwamba kumiliki au kutumia bangi, hata kwa ruhusa ya jimbo, kunaweza kumkosesha mwombaji uraia kwa kigezo cha mwenendo mwema. Mwongozo huo unawagusa pia wanaofanya kazi katika biashara ya bangi. Kukiri mbele ya afisa, pasipo kushtakiwa wala kuhukumiwa, kwaweza kutosha kuleta madhara. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu naye anaweza kuhojiwa anaporejea kutoka safarini.

Kadi hiyo haina nguvu yoyote nje ya Marekani. Anayesafiri kwenda Nairobi au Dar es Salaam akiwa na bangi aliyoinunua kihalali Florida anaweza kushtakiwa kwa sheria za dawa za kulevya za Kenya au Tanzania.

Je, ipo njia nyingine?

Kwa baadhi ya wagonjwa, ipo. Juni 2018 mamlaka ya chakula na dawa iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji inayotokana na mmea wa bangi, kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Vidonge vya dronabinol, ambavyo ni THC iliyotengenezwa maabara, vilikubaliwa mwaka 1985 na hutumiwa kutuliza kichefuchefu cha tiba ya saratani. Dawa hizi huandikwa na daktari na kuuzwa katika maduka ya kawaida ya dawa katika majimbo yote, bila kadi ya bangi.

Kwa hiyo asiye raia ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuomba kadi. La kwanza ni la daktari: je, kuna dawa iliyoidhinishwa na shirikisho inayoweza kunifaa? La pili ni la mwanasheria wa uhamiaji, na ni vyema liulizwe kabla ya jina kuingia katika sajili.